Jogoo Mzee na Pakiti ya Vitamini

Mayai yakitoka viza, wa kwanza kulaumiwa ni mtetea, kisha mashine ya kutotolesha. Jogoo, maadamu anawika na kupanda, hashukiwi. Ikigundulika kwamba tatizo ni uzee wake, mfugaji hukimbilia maduka ya dawa za mifugo ya Kariakoo, Dar es Salaam, akanunua pakiti ya vitamini ya kuchanganya na maji. Pakiti hiyo si utapeli, ila inatwishwa kazi isiyo yake.

Kuijua kazi yake, tuanzie mwilini mwa kuku jike. Akishapandwa, huhifadhi mbegu za jogoo katika vijifereji vya njia ya uzazi, zikawa zinarutubisha yai baada ya yai kwa wiki mbili hivi, katika joto la nyuzi 41. Utando wa mbegu hizo umejaa mafuta laini yanayozipa wepesi wa kuogelea, lakini yakishambuliwa na oksijeni huchacha upesi. Seli nyingine zina uwezo wa kujikarabati; mbegu, ambayo ni kichwa chenye vinasaba na mkia wa kuogelea, karibu haina. Hapo ndipo vitamini za pakiti huingia: vitamini E hujipachika ndani ya utando na kukatiza uharibifu usienee, na vitamini C huirudishia nguvu ikishatumika. Umri wa jogoo ukienda, ulinzi huo hudhoofika na korodani nazo hupunguza uzalishaji.

Ataniuliza mtu: mbona kuna majaribio ambapo majogoo wazee waliopewa vitamini E walitoa mbegu bora zaidi? Kweli yapo, lakini kuilinda mbegu ni jambo moja na kuifufua korodani iliyochoka ni jingine. Vitamini E ilitambuliwa Marekani mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop, kwa panya majike ambao mimba zao ziliharibika. Majike walipopewa walizaa tena; madume ambao korodani zao zilikwisha kuharibika kwa kuikosa hawakupona. Kwa dume, basi, ni kinga kuliko tiba. Vitamini C nayo kuku hujitengenezea mwenyewe. Ya nyongeza humfaa hasa wakati wa joto kali, na Dar es Salaam joto halikosekani, ila ikichanganywa kwenye maji yaliyoachwa juani huharibika kabla hajamaliza kuinywa.

Wapo watakaosema pakiti ni nafuu kuliko jogoo mpya. Ni nafuu ukihesabu moja; ukizidisha kwa wiki za mwaka mzima, hesabu hugeuka, na jogoo mzee bado ana mnunuzi wa supu. La kuudhi zaidi ni kwamba mchicha na matembele yaliyonyauka sokoni huishia kwenye taka, ilhali majani ya kijani ni chanzo cha vitamini E. Mengine ya kufanya ni machache: banda lenye kivuli, mbegu za alizeti au mawese kidogo kwenye chakula, dozi isizidishwe, na jogoo kijana aandaliwe kabla mzee hajachoka.