Je, Wajua? Waswidi wa Marekani na Nyanda za Singida

Je, wajua ya kuwa athari ya wahajiri wa Kiswidi, ambao takriban milioni 1.3 waliihama nchi yao tangu katikati ya karne ya 19 kwa uhaba wa ardhi na dhiki ya maisha, wengi wao wakielekea Marekani, ilifika hata Iramba na Unyaturu, kaskazini-magharibi ya Dodoma? Kule Minneapolis, Marekani, limo jumba la mawe lenye vyumba 33, alilolijenga Swan Turnblad, aliyehajiri angali mtoto akatajirika kwa gazeti la Kiswidi. Na mwaka 1929 yeye na aila yake walilitoa liwe makumbusho ya kaumu yao, ambamo mgeni huonyeshwa, miongoni mwa tunu nyingine, majiko 11 marefu ya vigae vya kupashia vyumba joto, ajabu kubwa kwa Mgogo aliyelelewa na jua la Dodoma.

Lakini wahajiri hao walikwisha kuasisi, mwaka 1860, kanisa la Kilutheri lililoitwa Augustana, na wamisionari wake ndio waliofika Iramba katika miaka ya 1920, wakafanya kazi ya tiba na elimu. Miongoni mwa wamisionari wa kanisa hilo waliowafuata baadaye alikuwa Howard Olson, ambaye alikusanya tuni za Kinyaturu zipate kuimbwa kanisani, amali ambayo kwa rai yangu yapita thamani ya vigae vyote vile. Na tafsiri zake za nyimbo za Kikristo za Tanzania zimo hata leo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani.