Wiki moja ya kuamua: seli wauaji na Ebola ya Ituri

Kwenye barieri ya Epulu, lori hufunguliwa turubai. Walinzi wa Hifadhi ya Wanyama ya Okapi hawatosheki na maneno ya dereva. Wanataka kuona wenyewe kama kuna nyama ya porini chini ya magunia. Seli za mwili wetu nazo hukaguliwa hivyo hivyo, na Ebola ilipoingia wilaya hii ya Mambasa Agosti 2018, ukaguzi huo ulikuwa suala la kufa na kupona.

Karibu kila seli hukatakata sehemu ya protini zake na kuvitandaza vipande juu ya utando wake wa nje. Kirusi kikishaingia ndani, vipande vyake navyo huonekana pale. Seli T wauaji, aina ya chembe nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua, hupita zikipapasa seli moja baada ya nyingine. Ikigusa kipande kigeni, seli T hung'ang'ania pale pale, hutoboa kwa protini iitwayo perforini, kisha hupenyeza vimeng'enya vinavyoilazimisha seli iliyoambukizwa kujiua. Ikimaliza, huenda kwa nyingine. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliogundua huko Canberra miaka ya 1970 jinsi seli hizi zinavyoitambua seli iliyoambukizwa, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Tatizo ni muda. Seli T zinazokijua kirusi fulani huwa chache mno mwanzoni. Lazima kwanza seli za dendriti zibebe habari hadi kwenye mitoki, ndipo seli T zianze kugawanyika, na jeshi la kutosha huchukua kama wiki moja kuwa tayari. Mafua kwa kawaida hutupa wiki hiyo. Ebola ni jeuri zaidi: huvamia kwanza hao hao wapeleka habari, tena huziba ishara za hatari ambazo seli hutumiana.

Walioonyesha uzito wa seli T katika Ebola ni watafiti wa Franceville, Gabon, waliochunguza damu ya wagonjwa wa milipuko ya 1996. Waliopona, seli T zao ziliamka na kirusi kikatoweka. Waliokufa, seli hizo ziliteketea kwa wingi katika siku za mwisho kabla ya kifo.

Huku kwetu sifa zote zilikwenda kwa kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa virusi. Ni haki yake. Katika jaribio lililoanza Novemba 2018 chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, dawa ya mAb114, iliyotokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, ilipunguza vifo hadi karibu asilimia 35. Lakini kwa waliofika na virusi vingi mwilini, zaidi ya 6 kati ya 10 walikufa hata wakipewa dawa bora. Kingamwili hunasa kirusi kikiwa nje ya seli; kiwanda kilichokwisha kujengwa ndani kinamhitaji muuaji. Watu wa Riposte, yaani kikosi cha kupambana na mlipuko, waliposisitiza kwamba mgonjwa awahi kituoni, walikuwa na sababu, ingawa wengi barabarani waliwashuku hadi mwisho. Mlipuko ulipotangazwa kwisha 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya 3,470 walioambukizwa.

Kuna pia mahali ambapo mwili wenyewe huwazuia wauaji hawa wasifanye fujo: ndani ya jicho na kwenye korodani, ambako vurugu zao zingeleta upofu au utasa. Kirusi hujificha humo. Mwaka 2019, Kivu Kaskazini, mgonjwa aliyechanjwa, akatibiwa kwa mAb114 na kupona, aliugua tena baada ya miezi kama sita, na mnyororo wa maambukizi ulioanzia kwake ukafikia watu 91. Ndiyo maana wanaume waliopona, ambao huku huitwa washindi, waliendelea kuitwa kupimwa shahawa na kupewa kondomu, hata wakiwa na cheti cha kupona mkononi.