Figo Mpya, Kirusi cha Zamani

Upandikizaji wa figo si tena huduma inayofuatwa ng'ambo pekee. Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata mwaka 2018, na nchini Kenya huduma hiyo ina historia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalihusu gharama, safari ya India, na nani katika ukoo angekubali kutoa figo. Sasa watu wanaoishi na figo za kupandikizwa wanaongezeka miongoni mwetu, na swali limebadilika: upasuaji ukishafaulu, ni nini huiharibu figo baadaye? Majibu ni mengi. Makala haya yanahusu jibu moja ambalo wagonjwa wengi hawalisikii hadi siku linapowafika, nalo ni virusi, pamoja na vita ambavyo kinga ya mwili hupigana navyo ndani ya kiungo kilichotoka kwa mtu mwingine.

Tarehe 23 Desemba 1954, jijini Boston, Joseph Murray na wenzake walihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa nduguye waliyefanana naye kabisa. Figo ile ilifanya kazi kwa kuwa mwili ulioipokea haukuiona ngeni. Kwa watu wengine wote, hata mtu na dada yake, seli hubeba juu ya ngozi yake protini ambazo ni kama kitambulisho, na vitambulisho hivyo hutofautiana. Seli nyeupe za aina ya T huvisoma, na zikikuta kisichofahamika huanzisha mashambulizi. Ndiyo maana mpokeaji wa figo hunywa dawa za kupunguza kinga kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Azathioprini na prednisoloni zilitangulia, saiklosporini ikaja katika miaka ya 1980, kisha takrolimasi na mikofenoleti katika miaka ya 1990. Kwa kila hatua, visa vya mwili kuikataa figo katika mwaka wa kwanza vilipungua.

Lakini dawa hizi hazichagui. Seli T zinazozuiwa zisiishambulie figo ndizo zilezile zinazolinda zamu dhidi ya virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni.

Mwaka 1971 watafiti wa London walieleza habari za mgonjwa aliyepandikizwa figo, ambaye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hiyo hadi kibofuni ulikuwa umebanwa. Katika mkojo wake walikuta kirusi ambacho hakikuwa kimeelezwa kabla, wakakipa herufi mbili za mwanzo za majina yake: BK. Kwa zaidi ya miaka 20 kilichukuliwa kuwa jambo la maabara tu. Katikati ya miaka ya 1990, dawa zenye nguvu zaidi zilipoenea, zikaanza kutolewa taarifa za figo zilizokuwa zikiangamizwa nacho.

Idadi kubwa ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki. Huingia utotoni, husababisha mafua madogo au kisionekane kabisa, kisha hujificha katika seli zinazotandika mirija midogo ya figo na kuta za njia ya mkojo. Hapo hakimdhuru mwenye kinga timamu. Figo inapohamishwa, huhama na wapangaji wake. Mara nyingi kirusi kinachoamka kwa mpokeaji ni kile kilichokuja na figo yenyewe. Ulinzi unaposhushwa, huanza kuzaana ndani ya seli za mirija hadi zipasuke. Huonekana kwanza katika mkojo, na kwa takriban mtu 1 hadi 2 kati ya kila wapokeaji 10 hufika katika damu. Wachache kati ya hao huharibiwa figo.

Mgonjwa hahisi lolote: hana homa, hana maumivu, na mkojo unatoka kama kawaida. Kinachobadilika ni kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo nzima huiondoa katika damu. Inapanda kidogo mwezi huu, kidogo tena mwezi ujao.

Hapa ndipo penye ugumu wote. Kreatinini ikipanda, daktari hufikiria kwanza kwamba mwili unaikataa figo, na tiba ya kukataliwa ni kuongeza dawa za kupunguza kinga, tena kwa dozi kubwa za steroidi. Ikiwa chanzo ni kirusi cha BK, tiba ni kinyume chake kabisa: kuzipunguza. Dalili ni moja, njia ni mbili, na aliyekosea njia humlisha adui. Hata darubini haimalizi shaka mara moja, kwa sababu kipande cha figo kilichokatwa kwa sindano huonyesha katika hali zote mbili seli nyeupe zikipenya kuta za mirija. Tofauti hupatikana kwa rangi maalumu inayoshika protini ya kirusi ndani ya kiini cha seli. Jambo la kupendeza ni kwamba kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya kirusi cha nyani kilicho ndugu wa BK, na undugu wao ni wa karibu kiasi cha kukifanya kifae kwa wote wawili. Aidha, ugonjwa huu huishika figo kwa madoa madoa, hivyo kipande kimoja kinaweza kutoka mahali palipo pazima. Wataalamu hupendelea vipande viwili, kimoja kikifika sehemu ya ndani ya figo.

Ni heri basi kutosubiri kreatinini. Miongozo ya kimataifa inashauri wingi wa kirusi cha BK katika damu upimwe kila mwezi hadi mwezi wa 9, kisha kila miezi mitatu hadi mwisho wa mwaka wa pili. Wingi ukizidi nakala 1,000 kwa mililita katika vipimo vinavyofuatana, au ukipita 10,000, dawa hupunguzwa ilhali figo bado ni nzima. Mashine za kazi hiyo si ngeni kwetu. Teknolojia ni ileile inayopima wingi wa virusi vya UKIMWI. Kwa maoni yangu, kituo kinachopandikiza figo bila kuwa na uhakika wa kipimo hiki kimejenga nyumba kikasahau mlango.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kukiua kirusi cha BK. Kilichopo ni kuiachia kinga nafasi, kwa kawaida kwa kupunguza au kusimamisha mikofenoleti, au kushusha kiwango cha takrolimasi. Seli T hurejea kazini, nazo hazisafishi kwa upole. Vita hupiganwa ndani ya mirija ya figo, mchochoto huongezeka, na kreatinini inaweza kupanda kwa muda hata wakati kirusi kinapungua katika damu. Sehemu ya makovu yanayobaki ni kazi ya walinzi, wala si ya mvamizi peke yake. Tena, ulinzi uliolegezwa kwa ajili ya kirusi unaweza kuigeukia figo yenyewe na kutengeneza kingamwili dhidi ya protini za mtoaji. Daktari hupunguza hatua kwa hatua, hupima, husubiri, kisha hupima tena. Kiwango cha takrolimasi katika damu humwambia dawa ni kiasi gani. Hakimwambii kinga iliyobaki ina nguvu gani.

Saitomegalovirusi ni habari nyingine, kwa kuwa dawa yake ipo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wameshaambukizwa. Hatari kubwa ni pale mtoaji anapokuwa nacho na mpokeaji hajawahi kukutana nacho. Huleta homa, kuhara na upungufu wa seli nyeupe, na huichochea figo ionyeshe vitambulisho vyake kwa wingi zaidi, jambo linalokaribisha kukataliwa. Kwa hiyo walio hatarini hupewa valgansikloviri kwa miezi mitatu hadi sita. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda, huweza kuzifanya seli B za mpokeaji zikue bila kikomo hadi kuwa saratani. Nacho pia hujibiwa kwanza kwa kupunguza dawa.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kuivuruga mizani hii bila kujua. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha takrolimasi kwa kiasi kikubwa. Erithromaisini na dawa kadhaa za fangasi huipandisha, na tunda la balungi hufanya vivyo hivyo. Anayeandikiwa dawa yoyote katika zahanati aeleze kwanza kwamba ana figo ya kupandikizwa. Chanjo zenye virusi hai, kama za homa ya manjano na surua, hutolewa kabla ya upasuaji. Baada yake haziruhusiwi kwa kawaida, na msafiri anayedaiwa cheti cha homa ya manjano mpakani atahitaji barua ya daktari.

Aliyepoteza figo kwa kirusi cha BK hajafungiwa njia. Anaweza kupandikizwa nyingine, ilmradi vipimo vionyeshe kwanza kwamba kirusi kimetoweka katika damu. Wengi waliorudia hivyo figo zao za pili zimedumu, huku wakipimwa kwa ratiba ileile ya kila mwezi.