Kiti kimoja kati ya 410

Wahenga walisema: mnyonge hana haki. Tutafute basi kama neno hilo ni kweli hata pale inchi nyingi zinapokubali kuwa na bunge moja. Tutatwaa mfano wa Denmark, inchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, pamoja na Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu kilicho sehemu ya ufalme wa Denmark.

1. Bunge lenyewe

Hapo kwanza wajumbe wa Bunge la Ulaya hawakuchaguliwa na raia. Bunge la kila inchi lilituma baadhi ya watu wake tu. Mwezi wa Juni 1979 raia wenyewe walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika inchi 9. Viti vilikuwa 410. Ujerumani ya Magharibi, Ufaransa, Italia na Uingereza zilipata 81 kila moja. Uholanzi 25, Ubelgiji 24, Denmark 16, Irlandi 15, na Luxembourg 6.

Msomaji ataona mara moja kwamba viti havikugawanywa kwa wingi wa watu peke yake. Kama ingekuwa hivyo, Luxembourg isingepata hata viti viwili. Wadogo waliongezewa kidogo, wakubwa wakapunguziwa, ili wadogo wasimezwe. Desturi hiyo ingaliko. Katika uchaguzi wa 2024 viti vilikuwa 720. Hakuna inchi iliyopata chini ya 6 wala kupita 96. Denmark ilipata 15.

2. Namna Denmark inavyochagua

Kwa uchaguzi huu Denmark nzima ni jimbo moja. Mwenye kura anatia alama penye jina la chama, ao penye jina la mtu mmoja wa chama kile. Kiisha kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Viti vinafuata hesabu zilizo kubwa zaidi.

Tufanye mfano. Viti ni 4. Chama A kina kura 50,000, B kura 30,000, C kura 16,000. Hesabu nne kubwa ni 50,000 ya A, 30,000 ya B, 25,000 ya A, na 16,666 ya A. Basi A anapata viti 3, B kimoja, C hapati kitu. Lakini sheria ya Denmark inaruhusu vyama kufunga mapatano mbele ya uchaguzi, kura zao zihesabiwe kwanza pamoja. B na C wakipatana, wana kura 46,000. Hapo hesabu nne kubwa ni 50,000, 46,000, 25,000 na 23,000: A anapata viti 2, na wale wawili wanapata 2, yaani kila mmoja kimoja. Kumbe, mdogo anayepatana na mwenzake anaweza kuingia nyumbani.

Mwaka 1979 watu karibu 48 kwa mia tu walikwenda kupiga kura, hali katika uchaguzi wa bunge lao wenyewe mwaka uleule walipita 85 kwa mia. Tena, kati ya wale wajumbe 16, wanne walikuwa wa kundi lililopinga Jumuiya ya Ulaya yenyewe. Hawakufukuzwa, walikaa humo na kusema neno la waliowatuma.

3. Watu wa Greenland

Kati ya viti 16 vya Denmark, kimoja kiliwekwa kwa Greenland. Watu wake walikuwa 50,000 hivi. Huko Denmark, mjumbe mmoja alisimama kwa watu zaidi ya 300,000. Kwa hesabu ya viti, hakuna watu katika Jumuiya nzima waliopendelewa kuliko wale. Hata hivyo ndio waliotaka kutoka. Kwa sababu gani?

Ya kwanza: hawakukubali kuingia. Katika kura ya Oktoba 1972, watu wa Greenland 70 kwa mia walisema hapana. Lakini kura zilihesabiwa pamoja na zile za Denmark, ambako wengi walisema ndiyo. Basi mwaka 1973 Greenland ikaingia. Visiwa vya Faroe, vilivyo vya ufalme uleule, vilikuwa vimekwisha kupata utawala wao tangu 1948, navyo vikabaki inje. Greenland ilipata wake mwezi wa Mei 1979 tu.

Ya pili: samaki. Watu wa kisiwa kile wanaishi kwa bahari, na sheria ya uvuvi ilitoka Brussels. Nayo haikukatwa na Bunge, bali na baraza la mawaziri. Katika miaka ile, kazi kubwa ya Bunge ilikuwa kutoa shauri.

Mtu waliyemchagua mwaka 1979 alikuwa Finn Lynge, mzaliwa wa Greenland, aliyekuwa padri Mkatoliki mbele ya kuingia siasa. Chama chake, Siumut, kilitaka kutoka. Mwezi wa Februari 1982 watu walipiga kura tena, na waliotaka kutoka wakashinda kwa tofauti ndogo. Mapatano yakafanywa: tarehe 1 Februari 1985 Greenland ikatoka, na meli za Jumuiya zikaendelea kuvua huko kwa kulipa.

4. Tushike nini?

Mtu akituambia kwamba watu fulani wana mjumbe, tusiridhike upesi. Tuulize mambo matatu. Je, walikubali wenyewe kuingia katika nyumba ile? Je, viti vimegawanywa namna ya kumlinda mdogo? Je, nyumba ile ina uwezo wa kukata neno, ao inatoa shauri tu? Greenland ilipata jibu zuri kwa ulizo la pili peke yake. Kwa hiyo kiti chao, kijapokuwa cha haki, hakikuwatosha.