Miezi 180 chini ya Mlima Meru

Alfajiri, kando ya barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi, kuanzia Tengeru hadi Usa River, wafanyakazi husubiri magari ya mashamba ya maua. Wengi ni wanawake waliojifunga kanga juu ya sweta, maana baridi ya Meru haina huruma. Saa chache baadaye, kwenye lango la Momella la kupandia Mlima Meru, wapagazi hupima mizigo ya watalii. Hao karibu wote ni wanaume.

Sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, haiwatofautishi. Kila aliyeajiriwa katika sekta binafsi sharti aandikishwe, na asilimia 20 ya mshahara iende kwenye mfuko, huku mwajiri akikatazwa kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Pengo la pensheni kati ya wanawake na wanaume halimo kwenye sheria. Limo kwenye miezi.

Ili mtu alipwe pensheni kila mwezi uzeeni, anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Akipungukiwa, hupewa mkupuo, basi. Mkupuo hujenga vyumba viwili au hulipa ada za wajukuu, kisha umekwisha, na mwenyewe bado yupo. Hapo mwanamke ndiye huumia zaidi, kwa kuwa kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko mwanaume.

Mkupuo una historia ndefu nchini. Mfuko wa akiba wa NPF, ulioanzishwa mwaka 1964, ulimrudishia mfanyakazi akiba yake kwa mara moja. Pensheni ya kila mwezi ilikuja NPF ilipogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997. Wafanyakazi wa mashirika ya umma walikuwa na mfuko wao, PPF, tangu 1978, na Arusha ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda: kiwanda cha matairi cha General Tyre kilifunguliwa mwaka 1971, na Kilitex ilifuma vitambaa. Kijana wa kiume aliyepata kazi kwenye mitambo aliweza kutarajia kuzeekea hapohapo.

Mashamba ya maua yalifika mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye kiwanda cha A to Z cha Kisongo kikaajiri maelfu, wengi wao wanawake, kutengeneza vyandarua. General Tyre ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Kwa hiyo wanawake wa Arusha waliingia kwa wingi kwenye kazi ya mshahara wakati kazi yenyewe imeanza kukatikakatika: mkataba wa msimu, kibarua cha kuelekea Siku ya Wapendanao, Februari 14, kisha kukaa nyumbani. Akijifungua, sheria ya kazi humpa siku 84 za likizo yenye malipo, lakini asiyepata wa kumwachia mtoto harudi shambani, na hesabu ya miezi husimama. Mpagazi anayelipwa kwa safari naye hukwama vilevile, ila yeye halei mtoto huku akisubiri msimu.

Watu wakatafuta nafuu yao. Kazi ikiisha, walichukua michango yote, na kesho yake wakaanza kuhesabu upya. Serikali ilipotaka kuliondoa fao hilo la kujitoa mwaka 2012, wafanyakazi walipinga kwa hasira, na haki ilikuwa yao: njaa ya leo haingoji mtu afikishe umri wa miaka 55. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18.

Yule aliyetoka shambani akafungua meza ya ndizi na parachichi soko la Tengeru anaweza kuchangia mwenyewe, kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Hapo kuna jambo la kuudhi. Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilikuwa shilingi 140,000, hivyo mchango wa mfanyakazi na mwajiri wake kwa pamoja ulikuwa 28,000. Muuza ndizi, peke yake, hutakiwa kutoa zaidi ya walichotoa hao wawili wakati huo.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichangia au hakuchangia. Tanzania Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa wote, na kwa mama wengi wa Meru pensheni ni mtoto aliye Minneapolis au Reading anayetuma kila mwisho wa mwezi.

Mtoto huyo, akipiga simu Jumapili, amwulize dada yake aliye shambani ni miezi mingapi iliyoingia NSSF. Si miezi aliyokatwa kwenye hati ya mshahara, bali inayoonekana kwenye taarifa ya mfuko wenyewe. Hesabu hizo mbili hazilingani kila mara.