Mwalimu Ajifunze Kwanza: Siri na Afya ya Kijana Katika Simu

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma na kujibu ujumbe mfupi wa simu. Leo twaenda mbele hatua moja. Tutazungumza juu ya watu wanaowafundisha vijana kutunza siri zao na afya zao wanapotumia simu. Watu hao ni akina nani? Ni walimu wa shule, walimu wa madrasa, viongozi wa vijana kanisani na walimu wa mpira. Na wewe pia umo, baba, mama, bibi au mjomba unayesoma ukurasa huu.

Labda wasema moyoni: "Mimi nimejua kusoma juzi tu. Kijana wangu aijua simu kuliko mimi. Nitamfundisha nini?" Usiogope. Kijana ajua kubonyeza, lakini wewe wajua watu. Wajua ni nani wa kukaribishwa ndani, na ni nani wa kuamkiwa barazani akaenda zake. Elimu hiyo ndiyo inayotakiwa. Kilichobaki ni kujua mahali pa kuitumia.

Jambo la kwanza: Mwalimu ajitazame mwenyewe

Tuseme yuko mwalimu mmoja, tumwite Mwalimu Hamisi. Mtihani umekwisha. Anaipiga picha karatasi ya matokeo, yenye majina yote na alama zote, kisha anaipeleka katika kundi la wazazi la WhatsApp. Nia yake ni njema. Lakini kabla ya jioni mtaa mzima unajua ni mtoto gani aliyeshika mkia. Kesho yake mtoto huyo hataki kwenda shule. Hamisi hakuiba wala hakutukana mtu, lakini ametoa nje habari isiyokuwa yake. Angeweza kumpelekea kila mzazi alama za mtoto wake peke yake.

Jambo hili si la adabu tu, ni la sheria pia. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwezi wa Septemba 2023, ofisi inayosimamia sheria hiyo nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Basi mwalimu aanze na simu yake mwenyewe. Je, mna picha za watoto wa watu ndani yake? Aliomba ruhusa? Kijana hutazama matendo kabla ya kusikiliza maneno.

Jambo la pili: Afundishe kwa mfano wa nyumba

Chukueni kalamu. Chora nyumba yenye sehemu tatu: baraza, ukumbi na chumba cha ndani. Barazani hukaa kila mpita njia. Ukumbini huingia jamaa na marafiki. Chumbani huingii ila wewe.

Sasa mwulize kijana: jina la timu unayoipenda likae wapi? Barazani, halina neno. Nambari ya simu, jina la shule na njia unayopita kwenda nyumbani je? Hayo ni ya ukumbini, kwa watu unaowajua kwa sura. Nambari ya siri ya fedha na picha za mwili wako? Hizo ni za chumbani, hata rafiki mpenzi asipewe.

Usimpe kijana majibu. Mwache apange mwenyewe, kisha mbishane kidogo. Jambo alilolipima kwa akili yake hatalisahau upesi.

Mwonyeshe pia kwamba mlango wa chumba una ufunguo. Mtu anapofungua WhatsApp katika simu mpya, hupelekewa tarakimu sita. Mlaghai akitaka kuiteka WhatsApp ya kijana, humwandikia hivi: "Samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, hebu nirudishie." Kijana akizirudisha, amekwisha kutoa ufunguo. Kadhalika, simu nyingi zaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Picha ya mtoto mlangoni pa nyumba yaweza kumwambia mgeni nyumba iko wapi.

Jambo la tatu: Afya ya mwili na ya moyo

Kitabu kina mwisho, hata gazeti lina ukurasa wa mwisho. Lakini picha za simu hazina mwisho. Ukimaliza moja, nyingine yaja yenyewe. Hilo halikutokea kwa bahati. Makampuni yenye mitandao hiyo hupata fedha kwa matangazo ya biashara, na kadiri mtu anavyokaa akitazama, ndivyo anavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi. Mweleze kijana jambo hili wazi. Vijana hawapendi kuchezewa, na akijua kwamba muda wake ndio bidhaa, ataanza kuulinda.

Kisha tazama usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walisema kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Simu iliyo chini ya mto huzipunguza. Dawa yake ni rahisi: simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, mbali na vitanda. Nimesema zote, na ya baba imo.

Jambo la nne: Mtoto anapokuja na taabu

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Tuseme yuko msichana wa miaka 15, tumwite Rehema. Amezoea kuandikiana na mtu asiyemjua kwa sura. Mtu huyo akaomba picha ya siri, naye akaipeleka. Siku ya pili maneno yakageuka: "Lete fedha, ama sivyo baba yako na darasa zima wataiona." Rehema halali, wala hali chakula. Mwishowe anakuja kwako.

Neno lako la kwanza ndilo litakaloamua mambo. Ukisema, "Nani alikutuma?", mlango umefungwa. Atalipa kwa siri, kisha atatakiwa alipe tena, na huenda akajidhuru. Lakini ukisema, "Umefanya vema kuja. Hauko peke yako. Mwenye kosa ni huyo anayekutisha," umekwisha kumwokoa nusu ya njia.

Kisha fanyeni haya. Msilipe fedha. Msifute ujumbe wa vitisho, kwa kuwa ni ushahidi. Mfungieni mtu huyo asiweze kuandika tena. Waambieni mtu mzima wa kuaminiwa na polisi. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, nambari 116 ni simu ya msaada kwa watoto, nayo haina malipo. Upo pia msaada uitwao Take It Down, ulioanzishwa na shirika la Marekani liitwalo National Center for Missing & Exploited Children. Ni wa bure, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki katika simu ya mtoto; hupewa alama yake, kama mtu anavyotia dole gumba katika hati. Mitandao iliyokubali kushiriki huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa.

Walimu wanaofunzwa kazi hii yafaa waigize, wawili wawili. Mmoja awe mtoto mwenye hofu, mwingine awe mwalimu, kisha wabadilishane. Mtu aweza kuyajua majibu yote kwa moyo, lakini ulimi usiozoezwa hurudi kwenye ukali wake wa kale.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli. Lakini aliyeyamwaga ni mtoto wetu, na mtoto hatumwagi pamoja na maji.

Maneno mapya ya kuandika ubaoni: idhini, taarifa binafsi, nambari ya siri, ushahidi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwalimu Hamisi alikosa wapi? Wewe ungefanyaje?
2. Chora nyumba yenye sehemu tatu. Andika mambo mawili katika kila sehemu.
3. Kwa nini yule anayetaka fedha asilipwe hata mara moja?
4. Igizeni wawili wawili: Rehema amekuja kwako usiku. Utasema neno gani la kwanza?

Kazi ya nyumbani: Kaa na kijana mmoja jioni ya leo. Mwombe akufundishe jambo moja la simu, nawe umfundishe ile nyumba yenye sehemu tatu. Juma lijalo mtatueleza darasani nani alijifunza zaidi.

Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.