Bata Maji wa Mto Severn na Watu Wanaowahesabu

Mwezi wa Februari, baridi ya Uingereza ingali kali, watu huvaa makoti mazito na kwenda na darubini zao kwenye kingo za mto Severn kutazama ndege. Mto huo huingia baharini upande wa magharibi. Maji yake hujaa na kupwa sana, yakiacha matope mapana na mbuga za majani mafupi, nao mabata bukini na vibata wa namna nyingi hujilisha hapo.

Wanaotazamwa zaidi ni bata maji wa Bewick, ndege weupe wenye shingo ndefu. Hutoka kaskazini kabisa ya Urusi, ambako wakati huo maji yote yameganda, nao husafiri kilometa zipatazo 3,500. Watoto wao, ambao manyoya yao ni ya kijivu, hukaa na wazazi majira yote ya baridi.

Mwaka wa 1964 Bwana Peter Scott, aliyeanzisha chama cha kuhifadhi ndege wa majini huko Slimbridge mwaka wa 1946, aligundua ya kuwa alama nyeusi na za manjano zilizo katika mdomo wa kila bata maji hazifanani na za mwenziwe. Alianza kuzichora na kuwapa ndege majina, na kazi hiyo ikaendelea baada yake. Asiyejua atasema ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini kwa njia hiyo hujulikana nani amerudi, nani ana mtoto, na nani hakuonekana tena.

Na wengi hawaonekani tena. Katika kaskazini-magharibi ya Ulaya walihesabiwa wapatao 29,000 mwaka wa 1995. Mwaka wa 2010 walikuwa 18,000 tu. Ingawa sheria inawalinda katika safari yao yote, picha za eksirei zimeonyesha kuwa yapata theluthi moja yao wana marisau ya bunduki mwilini. Wengine hugonga nyaya za umeme. Wengine humeza marisau yaliyoanguka matopeni, wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, na sumu ya risasi huwaua polepole.

Tena siku hizi baridi imepungua, basi baadhi yao huishia Uholanzi au Ujerumani wasifike Severn. Kwa hiyo hesabu ya mto mmoja haitoshi. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi kwa majira yale yale. Hata Kenya, katika maziwa kama Naivasha na Nakuru, ambako vibata wa kaskazini hukaa mpaka Machi au Aprili.

Huko Severn bata maji huondoka mapema zaidi. Hungoja jioni yenye anga safi na upepo unaovuma toka nyuma yao, kisha huruka usiku. Asubuhi mtazamaji huikuta mbuga tupu, akaandika tarehe daftarini.